Binti, Mti wa Mswaki na Njia ya Lodwar



Mpenzi msomaji, wiki hii nimepokea barua ya mama mmoja wa Kisauni, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Anaeleza kuwa bintiye amehitimu shahada ya famasia, amemaliza mwaka wake wa mafunzo ya vitendo huko Turkana, na sasa amesajiliwa kuwa mfamasia kamili. Ami yake amekwisha kumkodia chumba cha duka la dawa, rafu zimepigwa, na rangi imepakwa. Binti akaja nyumbani kwa Idi na begi lililojaa magome, mizizi na mbegu, akasema hataki duka. Anataka kurudi Lodwar na Kakuma, asome shahada ya uzamili katika kemia ya dawa, na utafiti wake uwe juu ya miti ya huko. Nyanya yake amelia. Ami yake amenuna. Mama mtu yuko katikati, na swali lake kwangu ni fupi: je, hii ni kazi, au ni ujana tu?

Mama yangu mpendwa, ahsante kwa kuniamini na jambo la nyumbani kwako. Mimi mwenyewe nimekula chumvi nyingi katika taaluma hii, kwanza nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kisha maabarani. Sitakuficha uchungu wake, wala sitakunyima utamu wake. Na kwa kuwa najua wazazi wengine wa Pwani wana mabinti walio katika njia panda kama hii, nimekuomba ruhusa nikujibu hadharani, nawe ukanipa. Mwenyezi Mungu akulipe kheri.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tukisikia mtafiti wa miti shamba humfikiria mganga aliyevaa koti jeupe. Sivyo. Mfamasia husoma miaka mitano ya shahada ya kwanza, akafanya mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini, akasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Akitaka kuwa mwanachuoni wa fani hii, huongeza uzamili, kisha uzamivu, na hapo ndipo milango ya kufundisha na kuongoza utafiti humfungukia. Katika miaka yote hiyo anafunzwa jambo moja kwa namna nyingi: kujua ni nini hasa kilicho ndani ya kile ambacho watu wanakinywa, ni kiasi gani, na kitafanya nini mwilini.

Njia hii ina watu wake hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha kemia ya dawa, na humo kuna kitengo cha kuchunguza dawa ambacho tangu miaka ya 1980 kimekuwa kikipima dawa zinazouzwa nchini na kuchapisha matokeo, zilizofaulu na zilizofeli. Miongoni mwa waliokijenga ni Profesa Isaac Kibwage, aliyefanya uchunguzi wa kiuavijasumu cha erithromaisini pamoja na wanakemia wa Leuven, Ubelgiji, akarudi kufundisha, na baadaye akawa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Egerton. Taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ina kituo kizima cha dawa za asili. Ng'ambo ya mpaka, Muhimbili mjini Dar es Salaam, utafiti wa tiba asili una kitengo chake tangu mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili. Basi binti yako hatafuti njia porini. Barabara ipo, waliopita wapo, na nyayo zao zinaonekana.

Kwa nini Turkana?

Hapa ndipo nyanya yake anapolia, nami namwelewa. Kutoka Mombasa hadi Lodwar ni safari ya kuvuka nchi nzima: Nairobi, Kitale, Kapenguria, kisha unateremka jangwani hadi mto Turkwel. Kakuma iko mbele zaidi, kama kilomita 120 kaskazini magharibi ya Lodwar. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu, ilimfunga Lokitaung, kisha kuanzia mwaka 1959 ikamweka kizuizini Lodwar. Walijua wanachokifanya. Lakini Lodwar ya leo si ile. Ni makao makuu ya kaunti, ina hospitali ya rufaa, ina vyuo, na adhana husikika. Kakuma nako, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, leo inahifadhi watu wa mataifa mengi, na Waislamu wa Kisomali ni wengi miongoni mwao. Binti yako hatakosa jamaa wa kuswali nao.

Sasa tuje kwenye miti yenyewe, kwani ndiyo iliyomteka moyo.

Turkana ni nchi kavu, na mti unaoishi katika ukavu hauna anasa ya kukimbia adui. Mbuzi akija, nzige akija, kuvu likija, mti hubaki pale pale. Silaha yake ni kemia. Hutengeneza uchungu, ukali, harufu na sumu ndogondogo, na humo ndimo mwanadamu amekuwa akichota dawa tangu zamani. Wachungaji wa Turkana wana elimu pana ya vitu hivi. Mwaka 1981 mtaalamu W. T. W. Morgan alichapisha katika jarida la Economic Botany makala ndefu juu ya miti ya Waturkana na matumizi yake kwa watu na mifugo, na mpaka leo watafiti huanzia hapo. Elimu yenyewe, hata hivyo, haikuanza mwaka 1981. Ilikuwako katika vichwa vya akina mama na wazee, na wengi wao wamekwenda nayo kaburini.

Chukua mti mmoja tu tunaoujua sisi sote: mswaki. Waturkana wanauita esekon. Unamea kando ya mito kama Turkwel, matunda yake huliwa, na vijiti vyake husafisha meno. Ni mti ule ule ambao sisi huuchukua kwa ajili ya sunna, na ambao mahujaji huleta vijiti vyake kutoka Makka kama zawadi. Mchungaji wa Turkana, ambaye huenda hajawahi kusikia habari ya sunna hiyo, anao mdomoni asubuhi kama babu yako alivyokuwa nao.

Mwanakemia akiutazama anauliza: kuna nini ndani? Mwaka 2011 watafiti wa Karolinska, Sweden, walichapisha jibu moja. Waligundua kuwa mzizi wa mswaki hutoa kitu kiitwacho benzili aisothiosayaneti, na kwamba kitu hicho huua kwa nguvu baadhi ya bakteria wa mdomoni. Ajabu ni kwamba kitu hicho hakikai tayari ndani ya mzizi. Ndani yake mna vitu viwili vilivyotengwa, kimoja ni ghafi yake na kingine ni kimeng'enya. Unapotafuna, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na hapo ndipo ule ukali unaopanda puani unapozaliwa. Ndiyo maana mswaki mbichi huwasha na mswaki uliokauka dukani miezi sita hauwashi. Wazee wetu waliosisitiza kukata ncha kuukuu na kutafuna mpya hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na ulimi.

Mama, hiyo ndiyo kazi ya binti yako kwa mfano mmoja. Si kusema kuwa mti unafaa, kwani hilo watu walikwisha kulisema. Ni kusema unafaa kwa sababu gani, sehemu ipi, ukiwa katika hali gani, kwa kiasi gani, na nani asiutumie.

Swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisilale. Chukua shubiri, ambayo Waturkana huiita echuchuka, na ambayo aina yake moja imepewa hata jina la nchi yao, Aloe turkanensis. Sisi Pwani tunaijua tangu tukiwa wachanga, kwani wengi wetu tuliachishwa ziwa kwa uchungu wake. Ute mweupe wa ndani ya jani ni kitu kimoja, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni kitu kingine kabisa. Utomvu ule una aloini, kitu kinachochokoza utumbo na kuharisha kwa nguvu. Mwaka 2002 Marekani iliondoa sokoni dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa utomvu huo, kwa kukosekana ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Mama mjamzito hashauriwi kuunywa. Lakini ni mara ngapi tumesikia mtu akisema ni mti tu, hauna madhara?

Au mwarobaini. Umepandwa Lodwar na Kakuma kwa ajili ya kivuli kama ulivyopandwa Mombasa na Lamu. Tunaufukiza, tunauoga, tunaunywa. Mwaka 1968 wanakemia wa Uingereza walitenga ndani ya mbegu zake kitu kiitwacho azadiraktini, kinachowafanya wadudu waache kula. Umbo lake ni gumu kiasi kwamba kundi la Steven Ley huko Cambridge lilichukua miaka 22 kulitengeneza maabarani, likafaulu mwaka 2007. Hizo ni sifa zake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopata kifafa na kuharibika ini baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya maradhi madogo. Mti ni huo huo. Tofauti ni sehemu iliyotumika, kiasi, na umri wa aliyepewa. Anayeweza kuichora tofauti hiyo kwa tarakimu ndiye mfamasia aliyesoma kemia ya dawa. Jamii isiyo na watu kama hao hulipa kwa watoto wake.

Uchungu wa kazi

Nimeahidi kutoficha. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kushindwa. Mtafiti hukusanya mti, akaukausha kivulini, akausaga, akauloweka katika viyeyusho mbalimbali, akatenganisha kilichotoka kwa kromatografia, akajaribu kila fungu kwa vijidudu, na mafungu mengi hayafanyi lolote. Yanayofanya, mengi yao huonekana kuwa sumu kwa seli za mwanadamu pia. Kinachobaki huenda kikawa kitu kilichogunduliwa na Wajapani miaka 40 iliyopita. Katika mia wanaoingia, ni wachache watakaoona jina lao kwenye dawa. Mshahara wa mhadhiri kijana ni mdogo kuliko faida ya duka zuri la Kongowea. Ami yake hakukosea katika hesabu.

Nami nitakiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana kama binti yako, mama mmoja mtu mzima nyuma ya Kwale alinichimbia mizizi ya mti anaoutumia kwa homa. Niliichukua kwa furaha, nikaikausha, nikaenda zangu. Sikuchukua tawi lenye majani na maua nikalibana kwenye karatasi ili lihifadhiwe. Majaribio yakatoa matokeo mazuri. Msimamizi wangu akaniuliza: mti gani? Nikamtajia jina la kienyeji. Tukarudi kijijini, na yule mama, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki. Jina lile bintiye alilitumia kwa miti mitatu tofauti. Tukajaribu yote mitatu, na hakuna uliotoa yale matokeo. Mwaka mzima ukazama kwa sababu ya tawi moja. Mwambie binti yako hadithi hii. Mwambie Nairobi kuna hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa huko mwaka 1950, na kwamba kielelezo cha kila mti anaougusa kipelekwe huko kabla hajawasha jiko la maabara.

Lakini kuna wanaofika, na wanaofika huokoa umma. Mwanamke aitwaye Tu Youyou, Mchina aliyehitimu famasia Beijing mwaka 1955, aliitwa kutafuta dawa ya malaria wakati wa vita vya Vietnam. Alikuwa na watoto wawili wadogo, akalazimika kuwaacha mikononi mwa wengine ili aende kazini. Alipekua vitabu vya kale, na katika kitabu cha karne ya nne akaona kuwa mmea fulani wa pakanga ulilowekwa katika maji baridi na kukamuliwa. Wote walikuwa wakiuchemsha. Akajiuliza iwapo moto ndio unaoiua dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mnamo Oktoba 1971 sampuli nambari 191 ikaua vimelea vyote kwa panya. Akainywa mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya malaria ambayo wewe, mama, umempa mwanao kwa dozi ya siku tatu, imetokana na mmea ule.

Wala sisi Waislamu tusiione njia hii kuwa ya kigeni. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri kutoka Andalusia akipita Afrika ya Kaskazini hadi Sham, akiokota mimea na kuuliza watu majina yake, na katika kitabu chake kikuu akaeleza vyakula na dawa zipatazo 1,400. Pale alipoona waliomtangulia wamekosea, alisema wamekosea. Binti yako na begi lake la magome anafuata mwendo wa watu hao.

Joto la Turkana na damu ya mzazi

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau wanapozungumzia kemia ya dawa. Si miti tu. Ni pia dawa iliyokwisha kutengenezwa, na namna inavyokufa kabla haijamfikia mgonjwa.

Akina mama tunajua hofu ya kuvuja damu baada ya kujifungua. Sindano inayozuia damu hiyo kwa kawaida ni oksitosini. Nayo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Lodwar na Kakuma joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita. Jokofu likizimika wikendi moja, chupa zitabaki safi kwa macho, maji yake yatabaki meupe, na nguvu yake itakuwa imepungua. Mkunga atadunga, damu haitasimama, na hakuna atakayejua kuwa aliyekosea ni joto. Mwanakemia wa dawa ndiye anayeweza kuipima chupa ile na kusema ukweli wake.

Ni wanakemia pia waliotafuta jawabu. Dawa iitwayo kabetosini ilitengenezwa kwa namna inayostahimili joto, ikaweza kukaa katika nyuzi 30 kwa miaka mitatu. Ilijaribiwa kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwa mojawapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 yakionyesha kuwa haikuachwa nyuma na oksitosini katika kuzuia damu kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida. Sasa mfikirie mwanamke wa Kalobeyei anayejifungua usiku, mbali na jokofu. Kazi iliyofanywa na watu waliokaa kwenye viti vya maabara miaka mingi ndiyo inayomrudisha kwa watoto wake. Nyanya akilia tena, msimulie hili.

Mali ya wenyewe

Sasa nizungumze na binti mwenyewe, kwani najua mama atampa asome.

Mwanangu, miti utakayoikuta Turkana ina wenyewe. Kando ya Turkwel kuna desturi iitwayo ekwar, ambapo kila familia ina haki juu ya kipande chake cha msitu wa mtoni, matunda yake na kivuli chake. Usikate tawi kabla ya kuuliza ni ekwar ya nani. Na elimu juu ya mti nayo ina mwenyewe. Yule bibi atakayekuambia gome hili huchemshwa mara ngapi, amekupa kitu ambacho kingekuchukua miaka mitatu kukipata peke yako.

Dunia imekuwa na tabia mbaya katika hili. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Marekani pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo haki ya kumiliki njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu, jambo ambalo wakulima wa India walikuwa wakilifanya tangu enzi. Wahindi na wenzao wa nchi nyingine, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waliipinga. Haki hiyo ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Hapa kwetu vijidudu vya ziwa Bogoria vilichukuliwa, na vimeng'enya vyake vikaishia kufifisha rangi ya suruali za jinzi ng'ambo, huku wenyeji wakilalamika kuwa hawakuulizwa. Kwa sababu ya mambo kama hayo kuna Mkataba wa Nagoya, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Shubiri mwitu nayo ina kanuni zake: Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wake mwaka 1986, na biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Basi kibali cha tume ya taifa ya sayansi, kibali cha wanyamapori na mimea, na ridhaa ya wazee usivione kuwa usumbufu. Ni haki za watu, na haki za watu Mwenyezi Mungu hazisamehi mpaka wenyewe wasamehe.

Na ukimaliza, rudi. Waambie wale akina mama ulichokiona, hata kama ulichokiona ni kwamba dawa yao ina hatari kwa mtoto mchanga. Watafiti wengi huchukua na hawarudi. Usiwe miongoni mwao.

Mama, sasa nakujibu. Hii ni kazi. Lakini kabla ya kumpa radhi zako, mketishe na umuulize mambo matatu, na asikujibu kwa hamasa. La kwanza, ni nani atakayemsimamia, na je, msimamizi huyo amewahi kumfikisha mwanafunzi mwisho? La pili, fedha za maabara, nauli na chakula zitatoka wapi kwa miaka miwili? Akisema Mungu atafungua njia, mwambie ni kweli, lakini ngamia hufungwa kwanza. La tatu, atakaa na nani? Mtafutieni nyumba ya familia ya kuaminika Lodwar, aingie vijijini pamoja na mwenzake wa kike na mkalimani anayejulikana, na suala la safari zake mlizungumze na sheikh wenu kwa utulivu badala ya kuligeuza rungu la kumpigia.

Akiwa na majibu ya hayo matatu, mwache aende. Akikosa hata moja, mwambie asubiri mpaka alipate, na wakati anasubiri akamsaidie ami yake dukani. Huko nako atajifunza, kwani atakayesimama mbele ya kaunta ndiye yule yule atakayemfanyia utafiti maisha yake yote. Na ami yake aelezwe kwa heshima kuwa rafu zake hazikupotea. Mfamasia mwingine wa kuajiriwa yupo, na duka litaendelea. Wala huenda siku moja likauza kitu kilichopimwa na bintiye mwenyewe.

Kwa nyanya nina ombi moja tu. Akija tena kwa Idi, usimuulize ataolewa lini kabla hujamuuliza ameleta nini katika begi. Mwambie akupe kijiti kibichi cha esekon, ukitafune taratibu, na usubiri ule ukali upande puani. Kisha umwache akueleze umetoka wapi.

Wiki ijayo, inshaAllah, nitajibu maswali yaliyorundikana juu ya namna ya kuhifadhi dawa za watoto nyumbani katika joto la Pwani. Mpaka hapo, nawatakia kila la kheri na watoto wenu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.